Paka wa Kwenye Barua

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ukurasa wako nausoma tangu nikiwa darasa la sita, nausoma nimejifungia bafuni kwa sababu mama anasema ni wa watu wazima, na sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nitakuandikia mimi, ambaye hata mwalimu akiuliza swali ninalolijua nainamisha kichwa asinione. Lakini nakuomba unisaidie, na unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kuna basi natakiwa kulipanda, na mtu pekee anayejua kwa nini nisilipande ni mimi.

Nina miaka kumi na sita. Naishi na mama kwenye vyumba viwili nyuma ya barabara ya mahoteli. Mama ni dobi wa vitambaa vya meza. Kila asubuhi mikahawa ya ufukweni inatuletea vitambaa vyake kwenye magunia, na mama anavisoma kwa madoa, hiki ni mvinyo, hiki ni mchuzi, hiki ni rangi ya midomo, huyu alilia akapangusa wanja. Kila kitambaa anakishonea alama ya uzi pembeni, kila mkahawa na rangi yake, ili visichanganyike. Mchana kutwa uwanja wetu umejaa vitambaa vyeupe kwenye kamba, vinapepea, na hata ukiwa peke yako unahisi kuna watu wamesimama nyuma yake wanasubiri uwakaribishe.

Dada yangu alikuwa mhudumu kwenye mmojawapo wa mikahawa hiyo. Ana miaka ishirini na minne. Hapo nimeandika alikuwa, nikafuta, nikaandika tena, unisamehe. Dada ni mhudumu.

Mji wetu Shangazi unaujua hata kama hujafika, miji ya namna hii inafanana. Wageni wanakuja kwa msimu, wazee wa kiume na wa kike, mchana wanalala mchangani, jioni wanakaa mezani, na pembeni ya wengi wao kuna kijana wa kwetu, msichana au mvulana, amevaa vizuri, anacheka maneno ambayo hakuyaelewa. Hakuna anayeshangaa. Watu wanasema fulani amepata mgeni kama wanavyosema fulani amepata kazi. Na wahudumu hawawaiti wateja kwa majina, wanawaita kwa meza, kwa hiyo mgeni wa dada sisi tulimjua kama Meza Saba.

Meza Saba ni mzee wa umri wa babu yangu, mpole, sauti ya chini. Dada alisema hajawahi kuona mtu anakula samaki kama yule, anamfungua kama daktari, na miiba anaipanga pembeni ya sahani kwa mstari ulionyooka, mmoja mmoja, halafu anaihesabu kwa macho. Alikaa wiki mbili, akachukua namba ya dada, akarudi kwao. Meseji zikaanza. Kwa lugha yake.

Sasa dada lugha ile anaijua ya kazini tu, karibu, moto, baridi, umemaliza, asante. Kuandika hawezi. Mimi shuleni nasoma kwa lugha zote mbili, na insha ndiyo kitu pekee ninachofaulu bila kuhangaika, basi nikawa mwandishi wake. Anakaa kitandani anapaka rangi kucha, ananiambia, mwambie nimemkumbuka, mwambie huku mvua, basi tuma. Na mimi Shangazi nikaona aibu kutuma maneno machache hivyo, nikawa naongeza. Kwanza kidogo, halafu sana. Dada akiona inavyokuwa ndefu anauliza mbona hivyo, namwambia lugha yao ndivyo ilivyo, ina maneno mengi. Anacheka anasema ndiyo maana wakija huku wanachoka haraka.

Nilikuwa naandika kwanza nyuma ya daftari langu la hisabati, kisha nahamishia kwenye simu yake. Niliandika kwamba dada anapenda kukaa upande wa dirisha ili mvua ikija aisikie kabla ya watu wengine. Niliandika kwamba utotoni alikuwa na paka mweupe anaitwa Chokaa, ambaye sikio lake la kushoto lina pengo kwa sababu lilibanwa na mlango, na kwamba Chokaa alikuwa analala juu ya vitambaa vilivyopigwa pasi mama asipoangalia, na mpaka leo bado yupo, mzee, anamsubiri dada mlangoni akitoka kazini. Hakuna hata neno moja la kweli. Mama hataki kusikia habari ya paka, kwa sababu ya vitambaa.

Meza Saba akawa anauliza, Chokaa hajambo, Chokaa amekula nini leo. Nikimsomea dada majibu yake, ile mistari nairuka. Miezi sita wameandikiana hivyo, na kati yao kuna paka ambaye dada hamjui. Na nikiri jambo moja, si kwamba nilimpenda mzee yule, hapana, hata sura yake nilikuwa sijaiona, ila nilipenda kwamba kuna mtu duniani anasoma ninachoandika mpaka mwisho.

Kisha akarudi. Siku ya kwanza tu dada alikuja nyumbani na kifurushi cha foili, ndani mna kichwa cha samaki, akasema, "Meza Saba kachanganyikiwa, kanipa nimpelekee paka. Paka gani?" Mama akamuuliza kwani alimjibu nini. Dada akasema alisema asante, maana kazini kwao mteja habishiwi, mteja akisema supu ni ya bluu unasema ndiyo, ya bluu. Wakacheka wote wawili. Mimi nikatoka nje nikasimama katikati ya vitambaa.

Miezi minne iliyopita akamwambia dada amekodi nyumba kwenye mji mwingine wa ufukweni, mwendo wa siku mbili kwa basi, anataka kufungua mkahawa na dada ndiye atakuwa meneja. Alikuja kumwona mama. Akakaa kwenye kigoda, akakunja mikono, huku anachungulia chini ya viti, nyuma ya ndoo, nyuma ya mlango. Nikafikiri kaangusha kitu. Sasa najua alikuwa anamtafuta nani.

Dada aliondoka naye Jumapili iliyofuata. Katikati ya wiki alipiga simu, sauti yake mwenyewe, akaongea na mama, kisha akaniomba mimi. Alikuwa ananong'ona. Alisema nyumba ni kubwa, kimya, hakuna mkahawa wowote. Akaniuliza, "Hebu niambie, kwenye zile meseji uliandika nini? Huyu mtu ananiuliza vitu nisivyovijua." Mama alikuwa amesimama karibu, ananitazama anatabasamu. Nikasema, hakuna. Dada akasema, hakuna nini, niambie haraka. Nikasema tena, hakuna. Simu ikakatika.

Tangu siku ile sijaisikia sauti yake.

Zilizokuja ni meseji. Kila Alhamisi, saa tisa alasiri kamili, kwenye simu ya mama, kwa lugha ile. Saa ile mama ana mikono ya sabuni, ananiambia nisomee. Ya kwanza ilisema, mama mpendwa, mimi mzima, kuanzia sasa nitaandika kwa lugha hii ili nijizoeze, mdogo wangu atakusomea. Kisha ikasema, nakaa upande wa dirisha ili mvua ikija niisikie kabla ya watu wengine. Shangazi, ni sentensi yangu. Neno kwa neno. Nilikwenda kulifungua daftari nikaikuta.

Nilitaka kusema. Lakini mama alikuwa ameinua uso anasubiri, povu linamchuruzika mpaka kwenye viwiko, anaona fahari kwamba mwanawe sasa anaandika lugha ya wenyewe. Nikajikuta nasema, anasema shikamoo mama, anasema ndoo kubwa usibebe peke yako, mgongo wako anaujua. Kwa sababu ndivyo dada angesema. Mama akacheka, akainama kufua, akaimba.

Zimepita Alhamisi kumi na tano. Meza Saba anaandika sentensi zangu, na mimi namsomea mama maneno ambayo dada angesema. Mimi na yeye, watu wawili, ndio tunaomtengeneza dada. Mama akipiga, simu inapokelewa na hakuna anayeongea, unasikia tu uma unagusa sahani, taratibu, kama mtu anakula na hataki kukatishwa. Halafu inakuja meseji, mtandao mbaya, mama.

Wiki tatu zilizopita ilikuja picha. Meza moja, kitambaa cheupe, kiti cha upande wa dirisha ambacho hakina mtu, na juu ya kiti amekaa paka. Mweupe. Chini ya picha imeandikwa, Chokaa amefika. Mama alichungulia akasema, maskini, kajitafutia paka, upweke huo. Mimi niliikuza picha. Sikio la kushoto lina pengo, mahali palepale nilipoandika. Na pengo lilikuwa jipya, kingo zake bado nyekundu.

Alhamisi iliyopita meseji ilisema hivi, na hii nakutafsiria bila kuongeza. "Shule zinafungwa. Mlete mdogo wangu likizo. Anaandika vizuri sana. Kiti chake kipo tayari." Hiyo sikumsomea mama. Nilisema dada anasalimia. Lakini jioni ikaja meseji nyingine ya kampuni ya basi, hiyo ni ya Kiswahili, mama akaisoma mwenyewe, jina langu, namba ya kiti, Jumamosi. Amefurahi mpaka akalia. Amenipigia pasi nguo zote, hata ya shule.

Jumatatu nilipita mlango wa nyuma wa mkahawa nikamtafuta mhudumu mwenzake dada, wanamwita Trei kwa sababu anabeba trei tatu kwa mkono mmoja. Alikuwa anafuta uma. Nilimuuliza habari za Meza Saba, ikanichukua muda kusema. Akaniambia bila kuniangalia kwamba wote anawaahidi umeneja, na dada yangu ni wa tatu, wa kwanza alitoka mkahawa wa jirani na wa pili alikuwa wa usafi hotelini. Nikauliza hao wengine wako wapi. Trei akaweka uma chini, akasema, "Hatujui. Ila wanawaandikia kwao. Wanaandika vizuri ajabu, na mmoja wao hakumaliza hata la nne."

Sasa Shangazi sijui nifanye nini. Nikimwambia mama, atajua kwamba wiki zote hizi sauti ya dada ilikuwa mimi, na atampoteza siku hiyohiyo, kwa mkono wangu. Nikinyamaza, nitapanda basi. Na kuna wakati nafikiri bora nipande tu, maana dada alipofika kule hakuwa yule wa kwenye barua, na yule wa kwenye barua ni mimi, labda Meza Saba akinipata mimi atamwachia dada. Daftari la hisabati nimelificha chini ya godoro, nimefikiria kulichoma. Sina simu yangu kwa hiyo siweki namba. Naomba unijibu hapahapa.

Wako,
Msomaji wa Meseji

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu,

Basi hilo hupandi. Hupandi peke yako, hupandi na mama, hupandi hata akija mtu mlangoni akisema ametumwa na dada. Tumemaliza hilo, sasa kaa tuongee.

Barua yako imenifikia jana asubuhi na nimemwomba mhariri aiweke leo, juu ya zote, kwa sababu hukuacha namba na gazeti ndiyo njia pekee ninayoweza kukupata. Mtu yule Kiswahili hakijui, na kwa mara ya kwanza jambo hilo linatusaidia sisi.

Hilo wazo la kubadilishana na dada yako lifute. Mtu anayewaandikia akina mama watatu barua za watoto wao hana mpango wa kumwachia yeyote. Anaongeza kiti tu. Na usijibebeshe alichofanya. Mtoto kutunga paka ni utoto, wala si dhambi ya kukukosesha usingizi. Kumchukua binti wa watu na kujifanya ndiye anayeandika ni uhalifu wa mtu mzima, na mtu mzima ndiye atakayeujibu. Hata usingetunga neno, angemchukua. Wale wawili wa kwanza hawakuwa na mwandishi kama wewe, na waliondoka vilevile.

Hapo nimekupoza. Sasa nakukaripia, na unisikilize. Uliiona sentensi yako Alhamisi ya kwanza. Umesoma Alhamisi kumi na tano. Najua ulikuwa unamlinda mama, lakini kila ulipoongeza ile shikamoo ulimpa mtu yule wiki nyingine. Unasema ukisema, mama atampoteza dada kwa mkono wako. Dada hajapotea kwa kusemwa. Amepotea tangu siku ile simu ilipokatika, na asiyejua ni mama peke yake, ambaye ana haki ya kujua kuliko mimi, kuliko Trei, kuliko wasomaji wote wa gazeti hili ambao sasa wanajua.

Daftari usichome. Lifunge kwenye mfuko, litembee nawe. Hilo ndilo linaloonyesha kwamba anayeandika amenakili, na hakuna polisi atakayebishana na mwandiko wako wa miezi kumi iliyopita ukiwekwa pembeni ya meseji ya wiki jana. Kwenye simu ya mama usifute kitu, usijibu kitu, picha ya paka iache ilivyo.

Mkienda polisi msiende wawili. Mpitieni Trei, awapeleke kwa mama wa yule binti wa mkahawa wa jirani na kwa mama wa yule wa hotelini, nendeni pamoja na simu zenu zote. Mama mmoja akisimama kaunta ataambiwa binti yake ni mtu mzima, ameondoka kwa hiari, arudi kesho. Mama watatu wakiweka simu tatu mezani, mwandishi mmoja, hapo hakuna wa kuwaambia warudi kesho. Ulizeni afisa wa wanawake na watoto. Akisitasita, mwonyesheni lile sikio.

Na tiketi muitunze kama dhahabu. Nyumba hamuijui, mtaa hamuujui, lakini Jumamosi lile basi linaondoka, na mwisho wa safari kuna mtu atasimama kituoni kumpokea msichana. Waacheni polisi ndio washuke.

Jambo la mwisho la kumweleza afisa. Umenitajia nyuzi za mama kwenye pembe za vitambaa, na rangi hukuitaja. Umefanya vizuri, usiniandikie. Rangi ya mkahawa wa dada haimo kwenye daftari wala kwenye barua yoyote. Itakapofika saa ya kuuliza kule kama dada yu hai, na saa hiyo wataichagua polisi si wewe, swali liwe rangi ya uzi huo, na mwenye jibu kule ni dada peke yake. Namwombea aweze kulijibu.

Umesema mwalimu akiuliza unainamisha kichwa, kama mtu asiye na ulimi. Mwanangu, nimesoma barua yako mara mbili, bila kuruka mstari, mpaka mwisho. Ulimi unao.

Leo ni Alhamisi. Saa tisa simu ya mama italia. Atapangusa mikono kwenye kanga, atakunyooshea, atainua uso kusubiri. Usiisome. Ifunike kifudifudi juu ya vitambaa, mshike mama mikono hiyohiyo ya sabuni, umkalishe. Hujui pa kuanzia, kwa hiyo nakupa sentensi ya kwanza, na hii usiongeze neno:

Mama, sisi hatujawahi kufuga paka.